Mtoto Asiye na Mgomba

Mwalimu Kamugisha tumemzika Jumamosi iliyopita huko kwao Muleba, na tangu nirudi sijapata usingizi wa maana. Msibani walisimama watu wengi kumzungumzia: mwanawe wa kwanza, padri, wanafunzi wake wa zamani waliokuja na magari yao, na wote walisema jambo lile lile, kwamba marehemu alipenda vitabu na alipenda watoto. Ni kweli tupu, hakuna aliyemsingizia. Nami nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nimejitanda khanga, nalia kwa hasira, mpaka mama mmoja aliyekuwa kando yangu akanipapasa bega akasema, "Pole dada, alikuwa baba yenu nyote." Weee! Laiti angejua. Mwalimu yule nilimpenda, na sikuwahi kumsamehe, na sasa amekwenda nimebaki na msamaha wangu mkononi sijui nimpe nani. Ndiyo sababu nimekaa kuandika habari za mwaka 1985, nikiwa darasa la sita pale Kituntu. Ya nyuma ya hapo siyagusi. Mama aliniingiza nchi hii kutoka Burundi nikiwa mgongoni, akaolewa na mwanamume wa Kinyambo aliyeitwa Leopoldi, mimi nikamwita Tata kama watoto wengine wanavyowaita baba zao. Imetosha.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi na bati, imezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, kilichonona mpaka mchana ndani ukawa na giza la kijani. Jiko lilikuwa nyuma, la nyasi, na humo ndimo tulimoishi hasa. Mama alipanga ndizi kwenye chungu, maharage chini, akafunika kwa majani ya mgomba, na kabla hazijaiva Tata alikuwa ameshajileta na kigoda chake akisingizia kuota moto. Alikuwa mtu wa maneno machache na njaa nyingi. Mdogo wangu Projestus, mtoto pekee ambaye mama alimzalia Tata, alikuwa na miaka minne wakati huo, na mahali pake palikuwa mapajani pa Tata, mkono wake umo kwenye sahani ya Tata, mdomo umejaa. Mama alikuwa akigomba, "Mwache baba yako ale!" na Tata akawa anajibu, "Nani kasema sili? Tunakula sote." Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki bila kumwachia mtoto, na nadhani alikuwa ameshakata tamaa kabisa, ndipo akaja huyu. Mtoto alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye pua ya kuchongoka ya mama. Wakubwa walipokuja kutembea waliiangalia ile pua kabla hawajaangalia kitu kingine, wakaguna, wakatafuna kahawa yao, wakahamia kwenye habari za mvua.

Lazima nieleze jambo la migomba, maana vijana wa leo hawalijui. Kwetu mtoto akizaliwa, kondo la nyuma lilizikwa shambani kwenye shina la mgomba, na mgomba ule ukawa wake. Kila mtoto wa ukoo alikuwa na wake, akijua ni upi, na tulipogombana michezoni neno la kumnyamazisha mtu lilikuwa, "Toka hapa, nenda kwenye mgomba wako!" Mimi sikuwa nao, wangu sijui uko kilima gani cha Burundi, na binamu za Projestus hawakuniacha nisahau. Lakini hata Projestus hakuwa nao. Kabla yake mama alikuwa amepoteza mimba mbili pale pale jikoni, na ya pili ilikaribia kuondoka naye. Kwa huyu wa tatu Tata akasema hapana, safari hii ni hospitali. Uchungu ulipoanza alimweka mama kwenye machela, akaita majirani, wakapokezana kumbeba njia nzima mpaka hospitali ya misheni. Alipasuliwa huko, akalazwa muda mrefu, akarudi na mtoto mzima. Kondo likabaki huko walikokuwa wakitupa makondo yote. Tata alichagua mtoto akaacha mgomba. Kama kuna mtu wa kumlaumu kwa hilo, mimi simjui.

Sasa kitabu. Mwalimu Kamugisha alikuwa kijana wa Kihaya, mpole, mwenye shati moja jeupe lililofuliwa mpaka likawa linaonyesha fulana. Alipanga chumba jirani yetu, na kila Ijumaa mchana, badala ya kutupeleka kupalilia shamba la shule, alitusomea hadithi. Kitabu kilikuwa kimoja, kimeng'oka jalada, kwa hiyo jina lake hatukulijua wala aliyekiandika. Kilikuwa cha watoto, kinene kidogo, kinahusu mtoto mmoja mwenye rangi ya maji ya kunde, nywele za singa, aliyeokotwa na bibi mmoja mfinyanzi katika kijiji cha watu weusi tititi. Yule bibi alimlea. Watu walimcheka mtoto kwa rangi yake, wakamwita mzuka. Bibi alipofariki, ndugu zake ambao hawakuwahi kumletea hata kuni wakaja kudai nyumba na tanuri. Mtoto akasimama mbele ya wazee akasema mimi si damu yenu, lakini ni mimi niliyemchotea maji. Wazee wakalia, wakampa nyumba. Siku aliyosoma ukurasa huo darasa zima tulipiga makofi, na mimi nililia waziwazi, sikujali. Mwalimu akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: FAMILIA. RANGI. URITHI. Akauliza, "Kitabu hiki kinatufundisha nini?" Tukajibu kwa pamoja, tunafundishwa kwamba undugu si damu. "Vizuri sana," akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilikwenda nyumbani siku ile najiona mtu. Kwa mara ya kwanza nilijua kwamba mahali fulani kuna watu wameandika habari zangu, na mwisho wake ni mzuri.

Mwaka huo huo Tata alianza kukohoa. Kikohozi kikawa homa, homa ikawa kukonda, na kigoda chake kikaanza kukaa jikoni peke yake kwa sababu alikuwa hawezi kutoka chumbani. Nilimpelekea uji, na ili anywe nilimsimulia kitabu kipande kwa kipande. Alikipenda! Aliniuliza maswali ambayo mwalimu hakuyauliza: yule bibi alikuwa na shamba kiasi gani, na kwa nini hakuwaita ndugu zake akawaambia kabla hajafa? Nikamwambia kitabu hakikusema. Akasema, "Huyo bibi alifanya uzembe." Jioni ile nikiwa naosha vyombo niliwasikia wakizungumza. Mama alimwambia, "Basi na wewe waite. Mwite Mzee Kabigumila na Bernado, useme mbele yao kwamba mtoto ni wako na kibanja ni chake. Useme ungali na sauti." Bernado alikuwa mdogo wake Tata, mtu mwenye kucheka sana na macho yasiyocheka. Tata akajibu, "Nikiwaita kuusia, nimejichimbia kaburi. Ngoja nipate nafuu, nitawaita kwa pombe, si kwa kilio." Mama akasema, "Leo, nakuomba." Akasema, "Kahawa ikivunwa." Nilisikia mama akivuta kamasi, kisha akaja jikoni akaanza kumenya ndizi kwa kasi kana kwamba zimemkosea.

Kahawa haikuvunwa naye akiwepo. Alifariki asubuhi, mama amemshika kichwa, mimi nimeshika bakuli la uji. Tulimzika kibanjani, karibu na baba yake, na watu wakalala kwetu juu ya nyasi zilizotandazwa, wakapika, wakanywa, wakasema maneno ya msibani. Mimi sikuwa nawasikiliza, nilikuwa nasubiri siku ya kuanua matanga, maana ndiyo siku ambayo ukoo hukaa ukamtaja mrithi, ukamketisha kwenye kigoda cha marehemu na kumshikisha mhoro wake, kile kisu cha kupogolea migomba. Nilijua maana yake vizuri mno kwa umri wangu. Projestus akiketi kwenye kigoda, sisi sote watatu tuna nyumba, mama atalima kwa niaba yake mpaka akue. Akiketi Bernado, tunatoka, na hatuna pa kwenda. Hakukuwa na cha katikati. Mama alimwogesha Projestus siku ile, akampaka mafuta mpaka akang'aa, akamvisha shati la shule la jirani lililomfika magotini. Alimwambia, "Wakikuita, nenda ukakae. Usilie." Mtoto akauliza, "Kigoda cha Tata?" "Ndiyo." "Tata atakaa wapi?" Mama akamfunga vifungo vya shati. Mimi nilitoka nje.

Walikaa uani. Mzee Kabigumila, mkubwa wa ukoo, alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, nitasema hivyo hata leo. Alimwacha Bernado aongee kwanza. Bernado akasimama, akacheka kidogo, akasema hana ubaya na mtu, lakini kaka yake hakutoa mahari kwa sababu mke hakuwa na kwao pa kupelekewa mahari, kwa hiyo ndoa gani hiyo? Na mtoto, jamani, mtazameni mwenyewe, hiyo pua ni ya nani? Amewahi kuonekana mtu wa ukoo wetu mwenye pua hiyo? Watu wakacheka chini chini. Mzee akainua mkono wakanyamaza, akamgeukia mama. "Binti, nikuulize moja tu. Kondo la mtoto huyu liko kwenye mgomba upi?" Mama akasema, "Halipo kibanjani, mzee. Nilijifungulia hospitali." Minong'ono ikaanza. Lakini Ma Paskazia, jirani yetu, bibi aliyekula chumvi nyingi na asiyeogopa mtu, akanyanyuka bila kuitwa. "Nyie wanaume acheni! Nilikuwepo. Leopoldi mwenyewe alibeba ile machela. Kule aliomba apewe kondo aje nalo, wakamwambia limeshatupwa, akarudi analia njiani mimi namwona. Mtu gani analilia kondo la mtoto wa mwingine?" Mzee Kabigumila alitikisa kichwa polepole, kwa kukubali. Akasema, "Hilo ni neno. Leopoldi namjua, hakuwa mtu wa machozi." Nikaona bega la Bernado limeshuka. Nikamwona mama amefumba macho. Nakuapia, tulikuwa tumeshapata.

Ndipo Mwalimu Kamugisha akasimama. Sikumwita, wala mama hakumwita. Alikuja mwenyewe kwa sababu ya wema wake, na nilipomwona amevaa lile shati jeupe moyo wangu ulipiga kwa furaha, nikasema kimoyomoyo, ameleta mwisho wa kitabu. Akaomba ruhusa. Wazee wakampa, maana mwalimu wakati ule alikuwa mtu mkubwa. Akaanza, "Shikamooni wazee wangu. Mimi si wa ukoo huu, lakini nimeishi jirani na marehemu, nimeona alivyowapenda watoto hawa wawili. Undugu si damu, wazee wangu. Undugu si pua wala rangi. Mtoto huyu hakuzaliwa kwenye migomba yenu, lakini alilelewa ndani yake. Msitafute damu, tafuteni upendo." Akawasimulia kitabu chote, kwa sauti ile ile ya Ijumaa, yule bibi, tanuri, maji. Alisimulia vizuri mno. Baadhi ya wanawake walifuta machozi. Na mimi, mtoto wa darasa la sita, nilikuwa natabasamu! Nilimwangalia mama ili nitabasamu naye, nikaona uso wake umebadilika rangi na kuwa kama jivu. Yeye hakusoma shule, lakini alielewa kabla yangu.

Mzee Kabigumila alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, yule mtoto wa kitabuni alikuwa wa kuokotwa?" "Ndiyo, mzee." "Na wewe umemleta hapa ili umfananishe na huyu wetu?" Mwalimu akasema ndiyo, mzee, ni kitu kile kile. Bernado akaruka kama aliyechomwa na siafu. "Mmesikia! Mtu anayeishi nao ukuta kwa ukuta anasema tusitafute damu. Angekuwepo wa damu, angetuambia tusitafute?" Ma Paskazia akapiga kelele, "Mwalimu, nani kakuambia mtoto si wake? Nani?" Mwalimu akashtuka, akaanza kusema sikumaanisha hivyo, mimi nilikuwa nasema kwa ujumla, namaanisha hata ingekuwa hivyo, na kadiri alivyojieleza ndivyo alivyozidi kuzama. Mama akasema kwa sauti kavu, "Ni mtoto wa Leopoldi. Ni damu yake." Hakuna aliyemtazama. Mzee Kabigumila akashusha pumzi. Akasema mtoto wa kulelewa hulishwa, huvishwa, huozeshwa, lakini kibanja cha ukoo hakipewi, hajawahi kusikia, wala yeye hataki kuwa wa kwanza. Wakamwita Bernado, akaketi kwenye kigoda, wakamshikisha mhoro. Projestus, aliyekuwa amefunzwa asilie, hakulia. Alikwenda akasimama mbele ya baba yake mdogo akasubiri ampishe.

Watu wa leo nikiwasimulia huniuliza, kwa nini hamkwenda mahakamani? Nacheka tu. Mwanamke Mrundi asiye na cheti cha ndoa, aende kwa nani? Mwalimu alikuja jioni ile akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya mama, mwanamume mzima, akasema, "Mama, nilitaka kusaidia." Mama akamwambia, "Najua, mwalimu. Inuka, utachafua suruali." Ijumaa iliyofuata alikuja darasani bila kitabu, akatupa hesabu, na Ijumaa zote baada ya hapo zikawa za hesabu. Baadaye nilisomea ukunga, nikafanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na kila bibi aliyekuja dirishani kuomba kondo la mjukuu wake nilimfungia kwenye jani nikampa, taratibu zikatae zisikatae. Nimewaza sana kuhusu kile kitabu. Si kwamba kilidanganya. Kiliandikwa kwa ajili ya mtoto asiye na damu, kikaja kusomwa juu ya mtoto aliyekuwa nayo, na uzuri wake wote ukawa ushahidi dhidi yetu. Projestus alifariki akiwa kijana, homa ya siku chache tu, tukiwa tumehamia Songambele, na tulimzika kwenye ardhi ya kanisa, pembeni, kwa sababu hatukuwa na kibanja cha kumlaza. Mtoto wa mwenye kibanja! Mpaka leo nikipita njia ya kanisa lile kwa bodaboda namwambia dereva aongeze mwendo.

Lakini kabla ya Songambele kulikuwa na miezi ya mwisho ya mwaka ule, na ndiyo inayonikaba. Ma Paskazia alitupa kibanda chake cha mbuzi, tukakisafisha tukalala humo, na mama akaanza vibarua. Siku moja mke wa Bernado akamtuma mtu: migomba imezidi majani makavu, hawajui waanzie wapi, aje awapogolee, atalipwa mkungu. Nilimwambia mama usiende. Nilimwambia nitalia barabarani watu wanione. Akasema, "Unataka mdogo wako ale kilio chako?" Tukaenda sote watatu. Mama aliingia kwenye kibanja kile kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani, hakuuliza kitu, anajua mgomba upi una mzao na upi umechoka. Alifanya kazi bila kuinua kichwa. Alipofika karibu na makaburi, mke wa Bernado akasema kwa upole, "Hapo acha, hapo tutapalilia wenyewe wa ukoo." Mama akaruka akaendelea upande wa pili. Projestus alikuwa amekimbilia ndani ya nyumba, moja kwa moja, kama anavyokimbia siku zote, na sekunde hiyo hiyo nikamwona akitolewa, ameshikwa mkono, si kwa ukatili, akaketishwa mlangoni. "Watoto wa vibarua hukaa nje, baba," mke wa Bernado alimwambia. Akakaa.

Jioni mama alijitwika mkungu wake tukarudi. Alipika kama alivyopika siku zote, maharage chini, ndizi juu, majani ya kufunikia, na harufu ilipoanza kutoka mimi nilishindwa, nikageukia ukuta. Projestus alikula kwa mikono miwili. Alikula mpaka akashiba, akainua uso wenye mafuta, akatuangalia kwa furaha kama mtu aliyegundua jambo tusilolijua.

"Mama," akasema, "hizi ndizi za kwetu!"

Mama alimfuta mdomo kwa ncha ya khanga. Alichukua muda mrefu kumfuta.

"Ni za watu, mwanangu," akasema. "Kula."